Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa mfalme aliyekubali kufundisha kila mtu

Kila mwaka, mwezi wa sita ukikaribia, waamini wengi wa Butembo, Beni na Lubero wanavuka mpaka wa Kasindi kwenda Namugongo, pembeni ya Kampala, kusali kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wakifika kule wanasikia ngoma na filimbi za Wabaganda, na ile sauti ya mbao zinazopigwa kwa fimbo, ambayo Mganda anaiita amadinda. Kwa mtu wa Lubero sauti hiyo si ya kigeni. Inafanana na endara, ile ambayo wazee wa Kinande waliilaza juu ya vigogo vya mgomba na kuipiga watu kadhaa kwa pamoja.

Wachache wanajua kwamba muziki huu wa Kampala ulikuwa karibu kupotea kwa siku moja tu, tarehe 24 Mei 1966. Na kama haukupotea wote, ni juu ya watu wachache waliokuwa wamekwisha kuutoa nje ya ukuta wa jumba la mfalme. Wa kwanza kati yao ni Evaristo Muyinda, mpigaji wa amadinda, mpuliza filimbi, na zaidi ya yote mwalimu.

Mtoto wa Kyaggwe

Muyinda alizaliwa kunako mwaka wa 1914 huko Nabbale, katika eneo la Kyaggwe, mashariki mwa Kampala. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, lakini ufalme wa Buganda ulikuwa bado na nguvu. Mfalme wake anaitwa Kabaka. Mtoto wa Kyaggwe alikulia katika nchi ambamo muziki haukuwa mchezo wa kupitisha jioni tu. Ulikuwa pia kazi ya serikali.

Mfalme alikuwa na makundi ya wanamuziki, kila kundi na chombo chake, kila kundi na mkubwa wake. Wengi walitoka katika vijiji na koo zilizopewa ardhi kwa sababu ya kazi hiyo. Walilima mashamba yao, halafu zamu yao ikifika walipanda kwenda Mengo, kwenye Lubiri, yaani jumba la mfalme na kiwanja chake, kupiga mpaka zamu iishe. Baba alimfundisha mtoto, mjomba alimfundisha mpwa. Hapakuwa na kitabu. Hapakuwa na shule.

Ilipofika miaka ya 1930, Muyinda alikuwa kijana anayejua mikono yake, na aliingia katika wapigaji wa mfalme. Mwaka wa 1939 Kabaka Daudi Chwa alikufa, na mwanaye Mutesa wa Pili, aliyekuwa bado kijana wa shule, akachukua kiti. Chini ya huyo Mutesa ndipo Muyinda alipopata jina.

Muziki wa ndani ya Lubiri

Ili kuelewa kazi ya Muyinda, inafaa kujua ni nini kilichokuwa kinapigwa ndani ya ule ukuta.

Kulikuwa na amadinda, yenye mbao 12, na kaka yake akadinda, yenye mbao 22, ambayo inahitaji watu sita. Kulikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa mstari kutoka kubwa mpaka ndogo. Kati ya hizo, 12 zimekazwa ngozi kila moja kwa sauti yake kusudi zitoe wimbo, si mdundo tu. Kulikuwa na amakondere, tarumbeta za vibuyu, kila moja ikitoa sauti moja, kwa hiyo ili wimbo utoke lazima kila mtu apulize mahali pake bila kuchelewa. Kulikuwa na ennanga, kinubi cha nyuzi 8. Na kulikuwa na abalere, wapuliza filimbi wa mfalme.

Filimbi ya Kiganda inaitwa endere. Ni bomba la tete, lenye matundu manne ya vidole, na mkato mdogo kwenye mdomo wake wa juu ambapo pumzi inagonga. Kwa macho ni kitu kidogo, mtoto anayechunga mbuzi anaweza kujitengenezea. Lakini kwa mfalme filimbi za ukubwa mbalimbali zilipigwa pamoja na ngoma, kubwa ikijibu ndogo, na wapigaji wake walikuwa watu wa heshima. Muyinda aliijua endere, aliijua ennanga, aliujua mfano wa zeze la uzi mmoja unaoitwa endingidi. Chombo kilichomtoa jina ni amadinda.

Kitu kimoja kiliunganisha vyombo hivi vyote: nyimbo. Wimbo uleule uliweza kupigwa kwenye amadinda, kwenye entenga, kwenye kinubi au kwenye filimbi. Na nyimbo zenyewe zilitoka kwenye maneno ya Kiganda. Kiganda, sawa na Kinande, ni lugha ya kupanda na kushuka: ukibadilisha sauti unaweza kubadilisha maana. Kwa hiyo mbao zikipigwa, Mganda anayejua wimbo anasikia maneno ndani yake: jina la mfalme wa zamani, vita fulani, kifo cha mtu mkubwa, au masengenyo ya jirani. Vyombo vilikuwa kumbukumbu ya nchi. Havikuwa kumbukumbu iliyofungwa pia, kwa sababu wanamuziki wa mfalme waliendelea kutunga mambo ya siku zao.

Wamama wawili na kinu kimoja

Je, amadinda inapigwaje? Fikiria wamama wawili wakitwanga sombe kwenye kinu kimoja. Mmoja anashusha mchi, mwingine anaupandisha wake. Michi haigongani kamwe, na anayesikia akiwa nyuma ya nyumba anadhani ni mtu mmoja mwenye mwendo wa ajabu.

Amadinda ni hivyo. Mpigaji wa kwanza, omunazi, anaanza na mapigo yaliyo sawasawa, bila kupumzika. Wa pili, omwawuzi, anakaa mbele yake, upande wa pili wa mbao, na anaingiza mapigo yake katikati kabisa ya yale ya mwenzake. Mara moja mwendo unakuwa wa kasi mara mbili. Halafu wa tatu, omukoonezi, anasikiliza sauti mbili za chini kabisa zinazotoka katika kazi ya wale wawili, na anazirudia juu, kwenye mbao mbili ndogo za mwisho. Huyu wa tatu hapangi kitu kipya. Anachota kile ambacho kimekwisha kuwamo, na anakionyesha.

Ugumu unakuja hapo. Wimbo ambao msikilizaji anausikia haupigwi na mtu hata mmoja. Ukimwomba omunazi apige peke yake, wimbo haupo. Ukimwomba omwawuzi, haupo vilevile. Unazaliwa katikati yao, ndani ya sikio la anayesikiliza. Mtu mmoja akikosa, wote wamekosa.

Hivyo, mwanafunzi wa amadinda alianza na sehemu moja tu. Aliipiga mpaka mikono iizoee na isiyumbe, halafu ndipo mwalimu alipokaa mbele yake na kuingiza ya kwake. Wanafunzi wengi walipotea hapohapo, kwa sababu sikio linavutwa na sauti mpya na mkono unasahau kazi yake. Uvumilivu wa Muyinda kwenye hatua hii ndio uliomfanya mwalimu.

Mjerumani wa nyumba ya makumbusho

Mwaka wa 1937 alifika Uganda Mjerumani mmoja kijana, Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin. Alikuwa amesomea muziki, na alikuwa ameihama nchi yake kwa sababu utawala wa Hitler uliwatesa watu wenye asili ya Kiyahudi. Mwaka wa 1948 alipewa kazi ya kuongoza nyumba ya makumbusho ya Uganda huko Kampala.

Wachsmann aliingia katika kazi hiyo na wazo ambalo kwa wakati wa wakoloni lilikuwa geni. Nyumba nyingi za makumbusho zilichukua ngoma ya watu, zikaifungia nyuma ya kioo na kuandika karatasi ndogo chini yake. Yeye aliona kwamba ngoma isiyopigwa imekufa. Alitaka vyombo vipigwe, na vipigwe na watu wanaovijua, mbele ya wageni na watoto wa shule. Wakati huohuo alizunguka nchi na mashine ya kurekodi, na alikusanya nyimbo zaidi ya 1,500.

Mtu aliyewekwa kupiga na kuonyesha vyombo pale ni Muyinda. Toka hapo maisha yake yalikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa ule wa Lubiri, ambako aliendelea kuwa mtu wa mfalme. Mwingine ulikuwa ule wa makumbusho, ambako mtu yeyote aliweza kuingia: mwanafunzi, mwalimu, mama wa sokoni, Mhindi mwenye duka, Mzungu aliyepita. Mwaka wa 1954 makumbusho yalihamia jengo jipya kwenye kilima cha Kitante, ambako yapo mpaka leo.

Miaka ileile, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na gari la kurekodia, alipita Lubiri mwaka wa 1950 na 1952 na kurekodi wanamuziki wa mfalme. Katika safari ya 1952 aliingia pia Kongo ya Wabelgiji na kurekodi watu wa pembeni ya msitu wa Ituri, na Wanande wakiwamo. Rekodi hizo, za Lubiri na za Wanande, zimehifadhiwa na zimetolewa tena kwenye diski. Ni bahati, kwa sababu wengi waliosikika humo hawakuacha mwanafunzi.

Kuchanganya vyombo

Muyinda hakutosheka na kuonyesha tu yale ya zamani. Katika Lubiri kila kundi lilikuwa na chombo chake na mahali pake. Wapuliza filimbi hawakukaa na wapigaji wa amadinda, na kinubi kilipigwa na mtu mmoja anayeimba mbele ya mfalme. Muyinda alifanya jambo lingine: aliweka amadinda, filimbi, zeze, kinubi na ngoma katika kundi moja, na wote wakapiga wimbo mmoja, mwimbaji akiwa mbele. Kundi la namna hiyo likaitwa okestra ya Kiganda.

Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Kila kundi la utamaduni la Uganda, hata la shule ya msingi, linapiga hivyo. Lakini wakati ule lilikuwa jipya, na si kila mtu alilipenda. Kwa mzee aliyezoea utaratibu wa jumba la mfalme, kuchanganya vyombo ni sawa na kuchanganya vyeo. Kuna watafiti pia waliosikitika kwamba makundi ya kuchanganya yalifunika sauti nyembamba za vyombo kama kinubi.

Malalamiko hayo yana ukweli wake. Hata hivyo, Muyinda alikuwa anaona kitu ambacho wengi hawakutaka kukiona. Kijana wa Kampala wa miaka ya 1950 alikuwa anasikiliza gitaa na nyimbo za rumba zilizotoka Léopoldville kwa redio. Kanisani alikuwa anaimba nyimbo za Ulaya na kinanda, kwa sababu wamisionari wengi hawakutaka ngoma ndani. Muziki wa Kiganda ulikuwa unabaki kwa wazee. Ili uishi, ulihitaji jukwaa, shule na watu wapya.

Hakuwa peke yake katika mawazo hayo. Mganda mwenzake Joseph Kyagambiddwa alitoa mwaka wa 1955 kitabu kinene juu ya amadinda na nyimbo zake, halafu akatunga muziki mkubwa wa kanisa juu ya Mashahidi wa Uganda, wakati Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu huko Roma, mwezi wa 10 wa mwaka wa 1964. Kyagambiddwa alipitia karatasi na kanisa. Muyinda alipitia mikono.

Kijana wa klarineti kutoka Vienna

Mwisho wa mwaka wa 1959, alifika Kampala kijana Mwaustria wa miaka 25, mwenye pesa kidogo, aliyesafiri Afrika kwa kuomba nafasi kwenye magari ya watu. Jina lake ni Gerhard Kubik. Kwao Vienna alikuwa mpuliza klarineti katika bendi ya jazz. Alitaka kujifunza amadinda, si kuitazama. Muyinda akamkubali.

Kubik alikaa mbele ya mbao zile sawa na mtoto wa darasa la kwanza. Alipoandika sehemu ya omunazi na sehemu ya omwawuzi kwa namba, moja mpaka tano, kwa kuwa ngazi ya muziki wa Kiganda ina sauti tano, aligundua lile jambo lililoelezwa hapo juu: nyimbo alizozisikia hazikuwamo katika karatasi ya yeyote kati ya wapigaji. Zilijitokeza zenyewe sikio lilipokusanya sauti za juu pamoja na za chini pamoja. Mwaka wa 1960 alichapisha maelezo yake ya kwanza juu ya muziki huo katika jarida la African Music, na mwaka wa 1962 akafuata na maandishi juu ya nyimbo hizo zilizojificha.

Kubik alikuja kuwa mmoja wa watafiti wakubwa wa muziki wa Afrika duniani, na hakuficha kwamba mlango wake ulikuwa Muyinda. Hakuacha klarineti pia: kuanzia miaka ya 1970 aliipuliza katika bendi ya kwela ya Donald Kachamba wa Malawi.

Somo hilo la Kampala likaendelea kusafiri. Katika miaka ya 1980, György Ligeti, mmoja wa watungaji wakubwa wa muziki mpya wa Ulaya, alisoma maandishi ya Kubik. Mawazo hayo, pamoja na muziki wa Afrika ya Kati uliorekodiwa na Simha Arom, yalimsaidia kutunga masomo yake ya piano, ambayo kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1985. Humo mikono miwili ya mpiga piano inaingiliana mpaka sikio linasikia kitu cha tatu. Mpiga piano wa Paris au New York anayejifunza kazi hizo leo anajifunza, bila kujua, jambo ambalo kijana wa Kyaggwe alilijua kabla ya kufika miaka 20.

Siku ambayo Lubiri iliungua

Uhuru wa Uganda ulipatikana mwaka wa 1962. Kabaka Mutesa akawa rais wa nchi, na Milton Obote waziri mkuu. Masikilizano yao hayakudumu. Tarehe 24 Mei 1966, askari wa serikali, chini ya Idi Amin, walishambulia Lubiri. Watu wengi waliuawa. Jumba liliungua. Kabaka aliruka ukuta akatoroka, akapitia Burundi, na mwaka wa 1969 akafa ukimbizini London. Mwaka wa 1967 katiba mpya ilifuta falme zote za Uganda.

Pamoja na jumba, vyombo vya muziki viliteketea au viliibiwa. Wanamuziki waliopona walitawanyika vijijini. Ardhi waliyopewa na mfalme ilikuwa mashakani, kazi yao haikuwapo tena, na kwa miaka mingi kujulikana kama mtu wa Kabaka kulikuwa hatari. Baba hakuwa na sababu ya kumfundisha mtoto kupiga muziki wa mfalme asiyekuwapo.

Hapa ndipo tofauti ilipoonekana. Entenga, zile ngoma 15, zilikuwa za mfalme peke yake. Hazikuruhusiwa kupigwa nje. Waliozijua walikuwa watu wachache, na baada ya 1966 kila mzee aliyekufa alikwenda na sehemu yake. Miaka mingi baadaye, walipotaka kuzirudisha, ilibidi wamtafute mzee mmoja aliyebaki kusudi afundishe vijana.

Amadinda haikupata shida ya namna hiyo. Wakati Lubiri inaungua, ilikuwa imekwisha kukaa miaka karibu 20 kwenye makumbusho, mikononi mwa vijana, kwenye mashule, kwenye karatasi za Kubik, kwenye rekodi. Kuichoma yote kungehitaji kuchoma nyumba nyingi sana.

Mtu wa Lubero au wa Beni hana haja ya kuelezwa zaidi. Anajua mtu anavyotoka nyumbani na kile alichoweza kubeba kichwani. Mbao za endara hazibebwi kichwani wakati wa kukimbia. Kinachobebwa ni kile kilicho ndani ya mtu, na kama ni mtu mmoja tu anayekijua, njia moja mbaya inatosha kukimaliza.

Miaka ya mwisho

Muyinda alipita katika utawala wa Obote, wa Amin, wa Obote tena, na vita vya msituni vilivyomleta Museveni mwaka wa 1986. Katika miaka hiyo yote aliendelea kufanya kitu kilekile: kupiga na kufundisha. Wageni walimtafuta Kampala kama vile mtu anavyotafuta chemchemi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya diski ya Uholanzi, PAN Records, ilitoa diski yenye jina lake, ya muziki wa Kiganda kama ulivyopigwa zamani kwa Kabaka.

Wengine walifuata njia ileile. Albert Bisaso Ssempeke, aliyekuwa mpuliza filimbi wa mfalme, alijifunza vyombo vingine baada ya jumba kuanguka, akafundisha kwao Uganda na, mwishoni mwa miaka ya 1980, akafundisha kwenye chuo kikuu cha Edinburgh huko Scotland. Alikufa mwaka wa 2006, na filimbi ya Lubiri bado inapulizwa kwa sababu yake na wenzake.

Muziki mpya ulizaliwa pia kutoka hapo. Mwaka wa 1992, kundi la Marekani la Kronos Quartet lilitoa diski ya watungaji wa Afrika, na ndani yake kulikuwa na kazi ya Mganda Justinian Tamusuza, iliyoandikwa kwa fidla na zeze za Ulaya lakini yenye kuingiliana kwa namna ya Kiganda. Diski hiyo iliuzwa sana.

Mwaka wa 1993 serikali ya Museveni ilirudisha falme, na tarehe 31 Julai Ronald Mutebi, mtoto wa yule Mutesa aliyekimbia, akatawazwa Kabaka. Ngoma zilisikika tena hadharani. Mwaka uleule Evaristo Muyinda akafa, akiwa mzee wa karibu miaka 80.

Kilichobaki

Muyinda hakuacha utajiri. Aliacha watu, na hao wakawa walimu wa wengine. Katika mashule ya Uganda leo, kwenye mashindano ya muziki, watoto wa makabila yote wanapiga amadinda, hata wale ambao wazazi wao hawakujua Lubiri ni nini. Hilo lingemshangaza mzee wa zamani wa jumba la mfalme, na labda lingemkasirisha.

Ng'ambo ya Kasindi, katika Kasese, Wakonzo, ambao ni ndugu za Wanande, wanaipiga endara mpaka leo kwenye sherehe zao. Upande huu, kuanzia Lubero mpaka Beni, wapo bado wazee wanaojua namna ya kuchagua mti, kuukausha, kuuchonga mpaka utoe sauti inayotakiwa, na kukaa mbele ya mwenzao bila kugongana. Ni wachache, na umri wao umekwenda. Muyinda alianza kufundisha watu wa nje akiwa na nguvu, wakati mfalme wake yuko kwenye kiti na hakuna aliyewaza kwamba ukuta wa Mengo unaweza kuanguka. Miaka 18 baadaye ulianguka.